Sura ya Sita: Hifadhi ni Nani?

Simu ilipigwa saa moja asubuhi. Nilianza kutoa shikamoo, Mkuu wa Shule hakungoja niimalize.

"Marahaba, marahaba. Fundi, kuna mtu kaingia kwenye kompyuta yetu."

"Kaiba nini, Mkuu?"

"Hajaiba kitu. Kaacha jina."

Nilifika shuleni saa nne, watoto wako mapumziko. Maabara ya kompyuta ya shule ile ni darasa la zamani lililotiwa nondo madirishani. Ndani kuna mashine kumi na mbili za mtumba, nyingi zina RAM ya giga mbili, na zote niliziwekea Linux ya Xubuntu kwa mkono wangu kwa sababu Windows mpya ingezifanya zitambae. Yenye kesi ilikuwa ile ya pembeni ambayo walimu huandalia mitihani. Kwenye skrini ya kuingilia, ukifungua orodha ya majina, yalitoka matatu yaliyozoeleka na la nne lililoandikwa kwa herufi ndogo tupu: hifadhi.

"Huyu hifadhi ni nani?" Mkuu wa Shule aliuliza. "Nimepitia rejista kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mtoto wa jina hilo hatuna. Mwalimu hatuna."

Nje, kwenye benchi, alikaa dada anayetunza maabara, karatasi nyeupe mapajani. Alikuwa ameagizwa kuandika barua ya kujieleza. Ufunguo unakaa kwake, mitihani ya muhula ilikuwa ndani ya mashine ile, na kila aliyepita pale alikuwa ameshajumlisha hesabu yake.

Mahali kama pale, jambo la kwanza ninalofanya ni kuacha kuihoji skrini ya kuingilia. Skrini ile ni kijana aliyesimamishwa mlango wa ukumbi siku ya harusi. Kamati imempa maelekezo, anatazama kadi, hii singo, hii dabo, piteni. Lakini ndani ya ukumbi kuna wapishi, kuna fundi wa muziki, kuna mpiga picha na wasaidizi wake, kuna shangazi zake bwana harusi waliopitia mlango wa jikoni. Wote hao wamo na hakuna aliyepita kwa kijana. Anayetaka kujua nani yumo humo ndani amtafute katibu wa kamati mwenye daftari.

Kwenye Linux daftari hilo ni faili liitwalo /etc/passwd. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu maneno ya siri yalihamishwa humo miaka mingi iliyopita yakapelekwa /etc/shadow, ambako si kila mtu anaruhusiwa kuchungulia. Yaliyobaki ni majina, jina moja kwa mstari, na kila mstari una vipande saba vilivyotenganishwa kwa nuktapacha. Niliandika amri ya getent passwd hifadhi, na mashine ikajibu:

hifadhi:x:1003:1003:,,,:/home/hifadhi:/bin/bash

Kesi nzima ilikuwa ndani ya mstari huo. Kipande cha kwanza ni jina. Ile x ni alama tu kwamba neno la siri liko kwingine. Kinachofuata, 1003, ndicho kompyuta inachokijua hasa, maana kwa kompyuta mtu ni namba, na jina ni pambo la kutusaidia sisi. Waliowahi kupanga foleni ya kitambulisho cha NIDA wataelewa haraka. Kipande cha tano huwekwa jina kamili la mtu, na likiwapo ndilo skrini hulionyesha. Hapa zilikuwepo koma tatu tupu, dalili ya mtu aliyeulizwa maswali akawa anabonyeza Enter bila kujibu. Ndiyo maana jina lile lilijitokeza kwa herufi ndogo, bila "Mwalimu" wala "Ofisi" mbele yake. Kisha folda ya nyumbani, na mwisho kabisa, sheli.

Sheli hii si ya mafuta. Ni programu inayokupokea ukishaingia na kusubiri amri zako, na bash ndiyo iliyozoeleka zaidi. Akaunti isiyokusudiwa kutumiwa na binadamu hupewa sheli ya bandia, kwa kawaida /usr/sbin/nologin au /bin/false, ambayo kazi yake yote ni kukufukuza.

Mkuu alikuwa amesoma juu ya bega langu. "Kwa hiyo yumo."

"Yumo, Mkuu. Ila wamo wengine zaidi ya thelathini."

Hapo nilikosea. Mtu aliyekuwa na hofu ya mgeni mmoja sasa alikuwa na thelathini, na ikabidi nimfungulie daftari zima. Kompyuta yoyote yenye Linux, hata ikitoka kufungwa sasa hivi, ina umati wa wakazi wasio watu. Yupo root mwenye namba 0, mwenye nyumba. Wapo wanaoshughulikia uchapishaji, saa, mtandao na barua, kila mmoja na namba yake iliyo chini ya 1000. Wamepewa akaunti zao ili programu moja ikiharibika au ikitekwa isiguse mali ya nyingine. Binadamu huanzia 1000, mpaka uliowekwa kwenye faili la /etc/login.defs kwa jina la UID_MIN. Mpaka huo ni desturi tu ya mafundi. Wengine wana wao: kwenye Mac binadamu wa kwanza ni 501, na kwenye Windows mkia wa namba ya Administrator ni 500, wa mgeni ni 501, na akaunti tunazojiundia wenyewe huanzia 1000 kwenda juu.

Katikati ya daftari na skrini kuna mchujaji. Kwenye mifumo mingi ya leo ni huduma iitwayo AccountsService, nayo huuliza maswali machache kwa kila mstari. Je, namba iko juu ya mpaka? Je, sheli ni ya kweli au ni ile ya kufukuzia? Je, jina lenyewe limo kwenye orodha ya wanaojulikana kuwa si watu? Orodha hiyo imeandikwa ndani ya programu, na humo wamo kina daemon, mysql, postgres na nobody. Huyu nobody, ambaye jina lake kwa Kiingereza ni "hakuna mtu", anastahili kutajwa kwa sababu namba yake ni 65534. Ukiangalia namba peke yake, hakuna mtu ndiye angekuwa mtu mkubwa kuliko wote pale.

Sasa mwangalie hifadhi. Namba yake 1003, juu ya mpaka. Sheli yake bash, ya kweli kabisa. Jina lake la Kiswahili halimo kwenye orodha iliyoandikwa na Wazungu waliokuwa wakiwawaza kina mysql. Mchujaji alifanya kazi yake sawasawa akamhesabu kuwa binadamu.

Nilitazama kama amewahi kuingia. Amri ya last hifadhi haikuleta hata mara moja. Nikatazama ratiba ya kazi zake kwa crontab -u hifadhi -l, na hapo akajulikana: kila siku saa nane usiku, nakili folda ya mitihani uipeleke kwenye diski ya pili.

"Saa nane usiku?" Mkuu alirudi nyuma hatua moja. "Saa nane usiku anafanya nini na mitihani?"

"Anaihifadhi, Mkuu."

Miaka miwili nyuma alikuja pale kijana wa chuo kwa mafunzo ya vitendo. Aliona mashine ya mitihani haina nakala, akaunda akaunti ya kuifanya kazi hiyo kila usiku, akaipa jina la kazi yake, akamaliza wiki zake nane akaondoka. Kosa lake lilikuwa dogo. Alitumia amri ya adduser bila kuongeza --system. Angeiongeza, mfumo wenyewe ungempa hifadhi namba iliyo chini ya 1000 na sheli ya nologin, na asingeonekana kamwe.

Lakini kwa nini aonekane leo baada ya miaka miwili? Jibu lilikuwa nje, kwenye benchi. Mashine ile ilikuwa imewekwa kujiingiza yenyewe inapowashwa, hivyo skrini ya kuingilia hakuna aliyewahi kuitazama. Dada wa maabara, kwa kuona kwamba si vizuri kila anayeiwasha ajikute ndani ya mitihani, alikwenda kwenye mipangilio akaiondoa hali hiyo ili kila mwalimu aweke neno lake la siri. Kesho yake ndipo orodha ilipojitokeza, na yeye akapewa karatasi.

Kumwondoa hifadhi kwenye skrini kulinichukua saa nzima, na ninasimulia kwa sababu najua wapo watakaopita njia ileile. Skrini ya kuingilia ya Xubuntu inaendeshwa na programu iitwayo LightDM, na LightDM ina faili lake, /etc/lightdm/users.conf, lenye sehemu ya kuandika majina ya kuficha. Nikaandika hifadhi. Nikawasha upya. Yupo. Nikahisi nimekosea tahajia, nikaandika tena. Yupo. Nikapandisha mpaka wa namba humohumo hadi 1004. Yupo, na Mkuu sasa ameleta kiti akakaa. Ndipo nilipoupandisha ukurasa hadi juu kabisa nikasoma maelezo ya mwanzo wa faili, ambayo mtu mwenye akili angeanza nayo: kama AccountsService imewekwa kwenye mashine, LightDM itaifuata hiyo, na yote yaliyomo kwenye faili hili yatapuuzwa. Nilikuwa nikimnong'oneza mtu aliyekwishaacha kazi.

Njia za kweli zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuandika faili lenye jina la akaunti ndani ya /var/lib/AccountsService/users/, na humo, chini ya kichwa cha [User], kuweka SystemAccount=true. Hilo humwambia mchujaji kwamba huyu si binadamu, mpite. Inafanya kazi, na wengi huishia hapo. Mimi siipendi kwa akaunti kama ile, kwa sababu jina linafichika lakini mlango unabaki wazi, na yeyote anayelijua jina hilo na neno lake la siri anaweza kuingia. Njia ya pili ni kumbadilishia sheli: usermod -s /usr/sbin/nologin hifadhi. Jina linatoweka kwenye skrini kama matokeo tu, maana mlango wenyewe wa kuingia mtu umefungwa. Na kazi ya usiku haikuathirika, kwa kuwa cron, inayoendesha ratiba ile, haitumii sheli iliyoandikwa kwenye daftari. Inatumia /bin/sh isipoambiwa vingine. Niliwasha upya mara ya mwisho. Majina matatu.

"Umemfuta," alisema Mkuu.

"Hapana, Mkuu. Yumo."

"Kama yumo, mbona haonekani?"

Swali hilo nimeulizwa kwa sura nyingi, na mara nyingine limekuja likiwa limegeuzwa: kama haonekani, ina maana hayumo? Ofisi moja ya wahasibu ilinipigia wakilia kwamba kompyuta imewafuta wafanyakazi sita. Walikuwa wakitumia Linux ya CentOS 6, fundi wao akawahamishia CentOS 7, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, alinakili mistari yao kutoka daftari la zamani kwenda jipya herufi kwa herufi. Folda zao zilikuwepo. Skrini ilikuwa tupu.

Ugomvi ulikuwa wa mpaka. Familia ya Red Hat kwa miaka mingi ilianza kuhesabu binadamu kwenye 500. Fedora ikahamia 1000 mwaka 2011, na Red Hat Enterprise Linux 7, ambayo CentOS 7 ni pacha wake, ikafuata mwaka 2014. Wale sita walikuwa na namba 501 hadi 506. Walilala binadamu wakaamka ni huduma za mfumo. Niliwaonyesha maandishi madogo chini ya orodha tupu, yanayouliza kama jina lako halimo. Ukiyabonyeza unapewa nafasi ya kuandika jina mwenyewe. Mama mmoja aliandika lake, akaweka neno la siri, na kila kitu chake kikafunguka kilivyokuwa. Alinitazama kana kwamba nimefufua mtu.

Kuwarudisha kwenye orodha ilikuwa kazi ya alasiri. Shida ni kwamba mafaili nayo hayajui majina. Kila faili lina namba ya mwenyewe, na jina tunaloliona ni tafsiri inayofanywa papo kwa papo kutoka kwenye daftari. Ukiifungua /etc/passwd ukabadilisha 501 kuwa 1501 kwa mkono, mafaili yote yanabaki mali ya 501, mtu ambaye hayupo tena, na mwenye jina anakuta kazi zake mwenyewe zimemkataa. Amri ya usermod -u ina busara zaidi, inabadili namba pamoja na umiliki wa vilivyomo kwenye folda ya nyumbani. Vilivyo nje ya nyumba haivigusi, na wahasibu wana vitu vingi nje ya nyumba, hivyo nilivitafuta kwa find / -uid 501 na kuvihamisha, mtu baada ya mtu. Ukiviacha, siku moja mwingine atapewa 501 iliyo wazi, arithi hesabu za mwenzake bila wasia.

Vyuoni kuna utupu mwingine ambao si hitilafu. Majina ya wanafunzi elfu kadhaa hukaa kwenye seva, na kila kompyuta ya maabara huiuliza seva hiyo inapohitaji. Programu inayofanya maulizo hayo mara nyingi ni SSSD, nayo kwa kawaida haikubali kuitaja orodha yote. Hujibu kuhusu jina moja ulilolitaja, basi. Kwa hiyo getent passwd peke yake haimwonyeshi mwanafunzi, ila getent passwd na jina lake mbele inamwonyesha. Skrini nayo humkumbuka baada ya kuingia kwenye mashine ile angalau mara moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesema "jina langu halipo" mara nyingi anachohitaji ni kuliandika.

Windows ina hadithi zake. Kwenye XP, akaunti ya Administrator ilijificha pindi tu ulipounda nyingine yenye madaraka sawa, na mafundi wa mtaani tulitembea na siri ya kubonyeza Ctrl+Alt+Del mara mbili ili kupata kisanduku cha zamani cha kuandika jina. Siku hizi kuna sehemu ndani ya rejista yake, chini ya Winlogon, iitwayo SpecialAccounts, na ndani yake UserList. Ukiandika humo jina la akaunti na kulipa thamani ya 0, halitatokea tena kwenye skrini. Wenye maduka ya steshenari huniomba niwafanyie hivyo ili vijana wa kaunta wasiione akaunti ya bosi. Nawafanyia, nikiwa nimewaonya kwamba wezi wa mtandaoni wanaijua sehemu hiyo vizuri zaidi yao: akishaingia, anajiundia akaunti, anaificha humohumo, na mwenye duka anaendelea kuona picha mbili zilezile za kila asubuhi. Ndiyo maana nikikaa mbele ya Windows nisiyoijua, kabla ya chai naandika net user nione orodha yote. Hata hiyo humruka mwenye jina linaloishia na alama ya dola, kwa hiyo pale penye mashaka naongeza Get-LocalUser ya PowerShell.

Hofu ya Mkuu, kwamba mlango wa kompyuta unaweza kutangaza usichotaka, ni ya zamani kuliko Linux na Windows. Katika miaka ya 1960, pale MIT nchini Marekani, kulikuwa na mfumo uitwao CTSS, miongoni mwa ya kwanza duniani kumpa kila mtumiaji neno lake la siri. Kila aliyeingia alipokewa na ujumbe wa siku. Siku moja wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja ujumbe wa siku, mwingine faili la maneno ya siri. Programu ya kuhariria ilitumia jina lilelile la faili la muda kwa wote wawili, mafaili yakabadilishana, na kila aliyeingia akapokewa na maneno ya siri ya watumiaji wote. Fernando Corbató, aliyeuongoza mradi huo, alikisimulia kisa hicho mwenyewe alipopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Nilimsimulia Mkuu kisa hicho tukinywa chai, na nadhani ndicho kilichoniponza. Wiki mbili baadaye alipiga tena. Alitaka majina yote yaondoke, hata ya walimu. Anayestahili kuingia, alisema, analijua jina lake. Hoja yake ina uzito. Jina likishaonekana, mgeni anabakiwa na kubahatisha neno la siri tu. Nikatengeneza faili dogo ndani ya /etc/lightdm/lightdm.conf.d/, chini ya [Seat:*] nikaandika greeter-hide-users=true, na mstari wa greeter-show-manual-login=true ili pabaki nafasi ya kuandika. Mashine zenye GDM badala ya LightDM zina njia yao, disable-user-list, na wanaoihariri kwenye mipangilio ya dconf husahau kumalizia na dconf update kisha wakaapa kwamba haifanyi kazi.

Skrini ikawa safi, kisanduku kimoja tu cha kuandikia. Mkuu alifurahi. Barua ya kujieleza, kwa taarifa yenu, ilikwisha ingia kwenye jalada na haikutolewa, ila nyuma yake iliongezwa karatasi yenye saini ya Mkuu kwamba suala limefungwa.

Nilipita tena muhula uliofuata kubadilisha keibodi. Walimu, ilibainika, hawakuwa wakiyajua majina yao. Walizoea kujichagua kwenye orodha, na sasa mmoja aliandika jina lake la ubatizo, mwingine akaanza na herufi kubwa, wa tatu akaweka nafasi katikati, na kila asubuhi mtu alikwenda kumgongea dada wa maabara. Dada akatafuta dawa. Alifungua daftari lenyewe, kama alivyoniona nikifanya, akanakili kwa mwandiko mzuri kila jina lenye namba ya 1000 na kuendelea, akaibandika karatasi ukutani juu ya mashine kwa gundi ya nailoni. Walikuwepo wote. Aliye wa mwisho kabisa, hata baada ya 1003, alikuwa nobody. Juu yake palikuwa na hifadhi, na mbele yake, kwa kalamu nyekundu: huyu anakuja usiku.